Ripoti ya Mbarara ililala wapi?

SWALI: Mzee, salaam. Ninaongoza timu ya watu 7 hapa Ntinda, Kampala: wasanidi programu 6 na kijana mmoja wa majaribio. Tunatengeneza mfumo wa akiba na mikopo unaotumiwa na Sacco 11. Mwaka jana bosi alileta mshauri, tukapelekwa semina ya siku mbili Entebbe kufundishwa Agile, namna ya kuendesha kazi ya programu kwa hatua fupifupi. Tangu hapo tunasimama kila asubuhi dakika 15, tuna ubao wenye karatasi za rangi, tuna mizunguko ya wiki mbili. Mambo ni yaleyale. Sacco moja ya Mbarara iliomba ripoti ya mikopo iliyochelewa kulipwa. Ikachukua miezi mitatu, na ilipofika wakasema siyo waliyoomba. Toleo jipya tunaliweka hewani Ijumaa ya mwisho wa mwezi, na usiku huo hatulali. Leo nimehesabu ubaoni karatasi 48 za kazi zilizoanzwa. Kwa wiki tunamaliza kama 6. Bosi anasema dawa ni kuajiri watu wanne zaidi, na tupate cheti cha ubora cha ISO ili tuingie kwenye zabuni za serikali. Mimi naona tununue programu nzuri ya kusimamia kazi. Nani yuko sahihi?

JIBU: Dada yangu, salaam zimefika. Kati yenu wawili simwoni aliye sahihi, ingawa wewe umekaribia zaidi bila kujua, kwa sababu umehesabu karatasi. Viongozi wengi wa timu hawahesabu. Hesabu hiyo tutairudia. Tuanze na ripoti ya Mbarara, maana kampuni yenu yote inaonekana ndani ya ripoti ile moja.

Chukua karatasi ya daftari. Juu andika tarehe ambayo mhasibu wa Sacco aliiomba kwa mara ya kwanza, hata kama alimwambia tu mtu wenu wa mauzo kwenye simu. Chini kabisa andika tarehe aliyoifungua. Katikati jaza kila tarehe utakayoipata: lini ujumbe ulifika ofisini, lini karatasi ilibandikwa ubaoni, lini msanidi alianza kuandika msimbo, lini alimaliza, lini mwenzake aliukagua, lini kijana wa majaribio aliugusa, lini ulikwenda hewani. WhatsApp inatunza tarehe, barua pepe inatunza, na Git, chombo mnachohifadhia historia ya msimbo, inatunza hadi sekunde. Ni kazi ya saa moja. Ukimaliza, shika kalamu nyekundu uzizungushie siku ambazo kweli kulikuwa na mtu anayeifanya kazi hiyo kwa mikono yake.

Mimi zoezi hili nililifanya mara ya kwanza nikiwa kwenye kampuni moja ambayo sitaitaja. Ombi lilikuwa dogo la kuchekesha: kubadilisha maneno ya SMS anayopata mwanachama akitoa pesa. Lilichukua siku 74. Kalamu nyekundu ilizungushia siku 3. Siku 71 zilizobaki ombi lilikuwa limelala: siku 16 kwenye barua pepe ya meneja aliyekuwa safarini, siku 9 likimsubiri msanidi amalize kitu kingine, siku 20 likisubiri kukaguliwa na mwenzake, na siku 26 likisubiri Ijumaa ya kutoa toleo, kwa kuwa Ijumaa ya mwezi uliotangulia lilikuwa limeikosa kwa siku mbili. Kabla ya hapo menejimenti ilikuwa imeshaamua kwamba wasanidi ni wavivu, na mimi nilikuwa nimewaambia waongeze kasi. Wangeongeza kasi mara mbili, tungeokoa siku moja na nusu kati ya 74.

Kwa hiyo swali la kumuuliza bosi wako si kwa nini watu wenu wanaandika polepole. Ni ripoti ililala wapi, na nani alikuwa na ufunguo wa kuiamsha. Mengine yote nitakayokuandikia yametoka hapo.

Mshauri wenu simlaumu sana. Mgeni njoo, mwenyeji apone, na huyo mgeni alilipwa siku mbili tu. Lakini ni vizuri ujue alichowauzia. Agile inatokana na tamko fupi lililoandikwa Februari 2001 na watu 17 waliokutana Snowbird, kwenye milima ya jimbo la Utah, Marekani. Walikuwa wamechoshwa na miradi ya makabrasha mazito, wakasema wanaithamini zaidi programu inayofanya kazi, mazungumzo kati ya watu, kushirikiana na mteja na kuyapokea mabadiliko. Ndani ya tamko hilo hakuna kusimama asubuhi wala karatasi za rangi. Hayo yalitoka kwenye mbinu nyingine zilizokuja kubandikwa jina hilohilo. Kikao chenu si kibaya. Jiulize tu: tangu Entebbe, ni mara ngapi mtu amesema pale, mbele ya bosi, "nimekwama, na nimekwama kwa sababu yako"? Kama ni mara sifuri, basi mnachofanya ni mahudhurio.

Sasa turudi kwenye karatasi 48. Nenda Wandegeya jioni, simama kwa muuza rolex, chapati iliyoviringishwa na mayai. Kikaango ni kimoja, rolex moja inatoka kila baada ya dakika mbili. Mbele yako kuna watu tisa, wewe ni wa kumi. Huhitaji kumuuliza kitu, unajua utakula baada ya dakika 20. Mwaka 1961 Mmarekani John Little aliithibitisha kanuni hii kihisabati: muda wa wastani ambao kitu kinakaa ndani ya mfumo ni idadi ya vitu vilivyomo ukigawa kwa vinavyotoka kila kipindi. Haijali kama ni rolex, wagonjwa wa Mulago au msimbo. Kwenu, 48 gawa kwa 6 ni wiki 8. Hivyo karatasi mtakayoibandika leo, kama kila moja inapata zamu yake, itatoka baada ya miezi miwili hivi, na hakuna semina itakayobadilisha hesabu hiyo. Ongeza wiki ambazo ombi lilizungukazunguka kabla ya kufika ubaoni, miezi mitatu ya Mbarara imeshapatikana.

Unaweza kuongeza zinazotoka, au kupunguza zilizoanzwa. Bosi anataka la kwanza. Mimi nataka la pili, kwa sababu ni la bure na linaanza kesho asubuhi. Mwangalie tena muuza rolex: hata akivunja mayai ya watu kumi kwa mpigo, kikaango hakiongezeki, anachopata ni mabakuli tisa ya mayai yanayosubiri na wateja tisa waliokwisha kulipa wanaomkodolea macho. Msanidi mwenye kazi saba alizozianza ni huyohuyo. Kila akihama kutoka hii kwenda ile anatumia muda kukumbuka alikuwa amefika wapi, na msimbo aliouacha nusu unazidi kutengana na wa wenzake. Sema watu wenu saba wasiwe na zaidi ya karatasi 12 zilizoanzwa kwa pamoja. Kwa kasi yenu ileile ya 6 kwa wiki, kitu kikishaanzwa kinatoka ndani ya wiki 2.

Najua utakachosema: na zile 36? Zirudi nje ya ubao, zipangwe foleni. Bado zinasubiri, sikufichi. Lakini kuna tofauti kati ya kusubiri nje na kusubiri ndani. Ombi lililo nje halijala muda wa mtu, linaweza kusogezwa mbele, kurudishwa nyuma au kufutwa kabisa, na mteja anaweza kuambiwa ukweli kuhusu zamu yake. Timu niliyofanya nayo hivyo iligundua kwamba zaidi ya robo ya maombi yaliyorudishwa nje hakuna aliyeyaulizia tena. Tulikuwa tunawafanyia kazi watu waliokwisha sahau.

Kuajiri wanne? Jozi za watu wanaopaswa kuelewana kwenye timu ya 7 ni 21. Mkifika 11, ni 55. Isitoshe wanne hao watafundishwa na walewale sita ambao tayari wamelemewa, kwa hiyo miezi ya kwanza mtakwenda polepole zaidi. IBM iliyapitia haya ilipokuwa ikijenga OS/360, mfumo wake wa kuendeshea kompyuta, miaka ya 1960, na waliousimamia walitoka na fundisho kwamba ukiongeza watu kwenye mradi uliochelewa, unauchelewesha zaidi. Nisieleweke vibaya, ipo siku mtahitaji watu. Lakini kama karatasi yako ya kalamu nyekundu itafanana na yangu, mtaajiri watu wanne waje kusubiri pamoja nanyi.

Sasa jambo ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote, na umelipitia kwa sentensi moja: "wakasema siyo waliyoomba".

"Mikopo iliyochelewa kulipwa." Twende taratibu. Mwanachama amekopa shilingi 1,200,000, analipa 100,000 kila mwezi kwa miezi 12. Riba tuiache pembeni. Amelipa mara tano. Ya sita ilipaswa kulipwa siku 40 zilizopita, hakulipa. Ya saba ilipaswa kulipwa siku 10 zilizopita, hakulipa pia. Ripoti ioneshe kiasi gani? Msanidi mmoja atasema 200,000, yaani malipo yote yaliyopitiliza tarehe. Mwingine atasema 100,000, kwa sababu amesikia kwamba kuchelewa kunahesabiwa baada ya siku 30. Mhasibu wa Mbarara yawezekana anataka 700,000. Watu wa mikopo midogo wakisema mkopo uko hatarini, wanahesabu salio lote lililobaki la mkopo ambao malipo yake yamepitiliza siku 30, kwa sababu aliyeshindwa kulipa mwezi wa sita anaweza kushindwa na yote yaliyobaki. Hicho ndicho kipimo ambacho mfadhili na msimamizi wa sekta wamezoea kukiangalia. Namba tatu, maneno yaleyale matatu. Mkiwa na wanachama elfu tatu, tofauti hiyo ni ya kufukuzisha watu kazi.

Na maneno yenyewe yamesafiri. Mhasibu ameliwaza jambo kwa Kinyankole, amemweleza mtu wenu wa mauzo nusu Kinyankole nusu Kiingereza, mtu wa mauzo ameandika barua pepe ya mistari miwili kwa Kiingereza, ofisini mmeijadili kwa Luganda, na msanidi anayetoka Arua amekaa pembeni akishika alichoweza. Kila kivuko kimedondosha kitu. Sisemi muwakusanye wote kwenye lugha moja, hiyo ni siasa. Ninasema dawa yake ni namba.

Kuanzia sasa karatasi isiingie ubaoni bila mfano uliokokotolewa na mteja mwenyewe. Siyo maelezo, mfano. Mwambie mhasibu: chagua wanachama watano, ficha majina, niandikie kwa mkono ripoti unayotaka ioneshe nini kwa kila mmoja, upige picha unitumie. Ukipata picha ile, ubishi umekwisha kabla ya kuanza. Ikishindikana, msanidi mwenyewe, siyo mtu wa mauzo, apige simu. Na kwa maombi makubwa apande basi aende akakae siku moja nyuma ya kaunta. Nauli ya kwenda Mbarara na kurudi ni ndogo kuliko mshahara wa wiki moja ya kazi iliyotupwa, na hapa ninyi mmetupa zaidi ya wiki.

Mifano hiyo haina mwisho wa kutumika. Baada ya ripoti kukamilika, ile mitano ibaki ndani ya mfumo kama majaribio yanayojiendesha: kila mtu akigusa msimbo, kompyuta inaikokotoa upya na kupiga kelele ikiwa jibu limebadilika. Msijaribu kuandika majaribio ya mfumo mzima, mtachoka mwezi wa kwanza na kuacha. Anzeni na palipo na pesa. Riba, kwa mfano. Mkopo wa shilingi 1,000,000 wa miezi 12 kwa asilimia 2 kwa mwezi unazaa riba ya 240,000 ikiwa inapigwa juu ya mkopo wote, na 130,000 ikiwa inapigwa juu ya salio linalopungua kwa kiasi kilekile kila mwezi. Chukueni mikopo 30 ya kweli ya namna zote, ikokotoeni na mhasibu, iwekeni kama majaribio. Kijana wenu wa majaribio atapumua, ataacha kubofya vilevile kila mwezi na kuanza kutafuta yasiyotarajiwa. Na majina yafutwe kwanza. Sheria ya Uganda ya kulinda data binafsi ipo tangu mwaka 2019, na kompyuta za wasanidi zilizojaa taarifa halisi za wanachama ni jambo ambalo nalikuta kila ofisi ninayoingia.

Kwa nini nasisitiza pesa? Julai 2018 serikali ilianzisha kodi ya asilimia 1 kwenye miamala ya pesa za simu. Timu niliyokuwa nayo ilikurupuka, tukaiandika ile asilimia moja kwa moja ndani ya msimbo, sehemu 14. Kabla ya mwaka kwisha kodi ikashushwa hadi asilimia 0.5 na kubaki kwenye kutoa pesa tu. Tukarekebisha sehemu 13. Ya kumi na nne aliigundua mteja. Namba ambayo Bunge linaweza kuibadilisha inakaa kwenye jedwali la mipangilio, mahali pamoja, ikiwa na tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, na ina jaribio lake. Hilo nililijifunza kwa kuomba radhi mlango kwa mlango.

Tuje Ijumaa. Toleo lenu la mwezi ni taxi ya Old Taxi Park. Ina viti 14 na haiondoki mpaka ijae. Abiria aliyeingia wa kwanza anakaa na jua lake na wauza miswaki hadi wa mwisho apatikane, na gari likiharibikia Mukono wanakwama wote 14, hakuna anayejua ni mzigo wa nani uliovunja springi. Boda inaondoka na mtu mmoja. (Usinijibu na habari za ajali za boda, kila mfano una mipaka yake.) Mkiweka hewani badiliko moja, mfumo ukaanguka, mnajua ni lipi na mnalirudisha kwa dakika chache. Mkiweka 25 kwa pamoja usiku wa Ijumaa, mnatafuta mpaka alfajiri huku mmechoka, na mtu aliyechoka ndiye anayefuta jedwali lisilo lake.

Hofu ya kutoa toleo ndiyo inayowafanya mtoe mara chache, na kutoa mara chache ndiko kunakofanya kila toleo liwe la kuogofya. Kuukata mzunguko huo kunaanza na jambo lisilovutia: utaratibu wa kuweka hewani uandikwe kama programu, asiwepo mtu anayenakili mafaili kwa mkono kutoka seva hadi seva. Tarehe 1 Agosti 2012 kampuni ya hisa ya Marekani iitwayo Knight Capital iliweka programu mpya kwenye seva zake 8 kwa mkono, moja ikasahaulika ikabaki na msimbo wa zamani. Soko lilipofunguliwa, seva ile ikaanza kununua na kuuza kama kichaa. Dakika 45, dola milioni 440 hivi. Ninyi mna Sacco 11. Kama kila moja ina usakinishaji wake, na nahisi ndivyo ilivyo, mnacheza mchezo huohuo kila mwezi kwa viwango vya Uganda.

Baada ya hapo, wekeni toleo Jumanne asubuhi, watu wakiwa wameamka na mhasibu wa upande wa pili akiwa mezani. Lianze kwa Sacco moja iliyokubali kuwa ya kwanza, zifuate nyingine siku ya pili. Mwezi wa kwanza toeni mara mbili, halafu kila wiki. Ijumaa ya mwisho wa mwezi ndiyo siku ambayo Sacco zinafunga hesabu. Sijui nani aliichagua, lakini angetaka siku mbaya zaidi asingeipata.

Mambo yatavunjika bado. Yakivunjika, angalia sentensi ya kwanza inayotamkwa ofisini. Kama ni "nani kafanya?", ujue mara ijayo mtachelewa kujua, kwa sababu mtu atajaribu kulirekebisha kimyakimya kabla hajasema. Kwenye viwanda vya Toyota mfanyakazi wa kawaida kabisa ana kamba ya kuvuta au kitufe cha kubonyeza akiona kasoro, na kiongozi wake anakuja mbio kumsaidia; tatizo lisipotatuliwa haraka, mstari wenyewe unasimama. Jaribu kuwazia kijana wenu wa majaribio akisimamisha toleo ambalo bosi ameshamwahidi mteja. Ofisi zetu nyingi "yes boss" ndiyo salamu. Mficha uchi hazai, lakini humfichulii anayekucheka. Wewe kama kiongozi anza na kosa lako mwenyewe, lielezee mbele ya wote bila kujitetea, halafu muulizane ni kitu gani kwenye utaratibu kiliruhusu kosa lile lipite. Mtu mwenye akili timamu aliyefuta data alikuwa ameachiwa mlango wazi.

Kuhusu data, neno moja. Nakala ya akiba ambayo haijawahi kurejeshwa siyo nakala, ni matumaini. Januari 31, 2017 mhandisi wa GitLab alifuta kwa bahati mbaya hifadhidata iliyokuwa kazini, na walipokimbilia nakala zao wakakuta njia kadhaa za kuhifadhi hazikuwa zikifanya kazi. Walipoteza data ya saa sita hivi. Hao ni watu ambao biashara yao ni kutunza kazi za wasanidi. Kila mwezi mtu mmoja arejeshe nakala ya Sacco moja kwenye kompyuta tupu na kulinganisha jumla ya akiba. Na muwe na seva ndogo ya Git humo humo ofisini, yenye betri. Wakati wa uchaguzi wa Januari 2021 intaneti ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Git, tangu Linus Torvalds alipoitengeneza mwaka 2005, inampa kila msanidi historia yote ya msimbo kwenye kompyuta yake, kwa hiyo hakukuwa na sababu ya kazi kusimama. Ofisi nyingi zilisimama hivyo hivyo.

Bosi na WhatsApp. Hukuandika, lakini hakuna karatasi 48 zinazoanzwa bila bosi anayetuma ujumbe saa nne usiku kwa msanidi anayempenda. Usipambane naye kwa hoja. Mpelekee karatasi ya Mbarara yenye miduara myekundu, umwache aisome bila wewe kusema kitu. Kisha mpe biashara: kati ya nafasi zile 12 moja ni yake, ya dharura, haihojiwi na mtu. Akitaka kuleta dharura ya pili, achague yeye mwenyewe ipi kati ya 12 itolewe. Mabosi niliofanya nao hivi walilalamika wiki mbili, halafu wakaanza kuwakatalia wateja wenyewe, kwa sababu kwa mara ya kwanza waliona ahadi yao inamsukuma nani nje.

Vipimo vinne vinakutosha: siku kutoka ombi hadi matumizi, mara mnazotoa toleo, matoleo mangapi yalivunja kitu, na saa ngapi mlitumia kurudisha huduma. Viandikwe kwenye ubao kwa chaki. Mkivifungamanisha na mshahara, mtapata namba nzuri sana na mfumo uleule.

Programu ya kusimamia kazi mnaweza kuinunua baadaye. Leo itakupa karatasi 48 zilezile kwenye skrini, ambako hazionekani mtu akipita. Cheti cha ISO 9001 ni jambo la zabuni. Mkaguzi anaangalia kama mna utaratibu, mnaufuata na mnaurekebisha. Hatajua kama ripoti inapaswa kusema 100,000 au 700,000. Ikiwa zabuni inakidai, kitafuteni, lakini mkishakuwa na utaratibu wa kuandika. Mkikitafuta sasa mtaajiri mtu wa kutunga makabrasha ambayo wasanidi watayasikia siku ya ukaguzi.

Ripoti ya Mbarara isingoje lolote kati ya haya. Mpigie mhasibu kesho, mwombe mifano mitano, mpe msanidi mmoja asiye na karatasi nyingine mkononi, na ikikamilika iwekwe hewani kwa Sacco ile peke yake, siku yoyote isiyo Ijumaa.